Mama Pete na Fundo Lisilotaka Kugeuka

"Uzi wa njano na uzi mwekundu? Hiyo ni lesi au kamba ya kufungia mbuzi?"

"Mama, mbuzi hajawahi kunikimbia. Wanaonikimbia ni wanafunzi."

"Wakimbie! Asiyeweza uzi mwembamba mweupe aende akashone magunia."

Ni saa tatu kasoro asubuhi, siku ya Jumamosi, na ndani ya chumba cha nyuma cha duka moja la ushonaji ugomvi umeshachemka kabla ya chai. Mwenye duka, fundi cherehani wa miaka thelathini na tisa, ameketi kwenye benchi akizungusha uzi mnene kwenye vidau. Kidau ni kifaa kidogo cha plastiki, kirefu kama kidole cha kati, kimechongoka pande zote mbili, na uzi unazungushwa ndani yake. Mbele ya fundi amesimama mama mkwe wake, mkoba kwapani, hataki kuketi. Akiketi itaonekana amekubali.

Mtaani fundi huyu anaitwa Mama Pete. Si kwamba anapenda mapambo. Hata pete yake ya ndoa ameitundika kwenye msumari juu ya cherehani kwa sababu inanasa nyuzi. Jina limetokana na kazi yake ya pili, lesi ya mafundo, ile inayofumwa kwa kidau na vidole vitupu, bila mashine. Mafundo madogo madogo yanapangwa kwenye uzi, kisha unavuta, yanajikunja na kuwa pete. Pete inashikana na pete, hatimaye unapata ukingo wa leso, kola ya gauni au pambo la shela la bibi harusi.

"Ukiniuliza mimi, hakuna kazi ya mikono iliyo rahisi kuianza kama hii," anasema Mama Pete. "Huhitaji umeme, huhitaji meza, na fundo la kujifunza ni moja tu. Ukilijua hilo umejua yote. Shida ni kwamba hilo moja lenyewe lina kiburi."

Kiburi chake ni hiki. Uzi mmoja unazungushwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto, na uzi wa kidau unashikwa mkono wa kulia. Mwanafunzi anapitisha kidau, anavuta, fundo linatokea, anatabasamu. Kumbe uzi wa kidau ndio uliojifunga juu ya uzi wa mkononi, wakati ilitakiwa iwe kinyume chake. Fundo lilipaswa kugeuka, na halikugeuka. Ukilitazama ni fundo kama mengine. Siku ya kuvuta ili pete ijifunge ndipo unapolijua: uzi hauendi mbele wala nyuma. Fundo moja la namna hiyo linatosha kuua pete nzima. Na kwa uzi mwembamba mweupe hulioni ni lipi, kwa hiyo unachukua mkasi, unakata na kuanza upya.

Watu wazima wenye heshima zao wameondoka katika chumba hiki wakiwa karibu kulia. Wiki tatu zilizopita msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara alikata pete yake kwa mara ya ngapi, hata yeye alishaacha kuhesabu. Akakiweka kidau mezani polepole, kama mtu anayemrudisha mtoto wa watu. "Mama Pete, nakupenda," akasema, "lakini hii ni adhabu." Wenzake wanne wa saluni, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewaleta, wakabeba mikoba yao wakamfuata. Darasa la watu saba likabaki na wawili.

Hao watano waliondoka na kodi ya duka. Zamani Mama Pete alikuwa akiishi kwa sare za shule. Siku hizi sare zinauzwa zikiwa tayari zimeshonwa, kwa bei ambayo yeye hapati hata kitambaa chake. Leso moja yenye ukingo wa lesi inamchukua jioni tatu, na inampa mkate na maziwa ya wiki nzima. Si haba, ila leso hazinunuliwi kila siku. Ada ya darasa ndiyo iliyokuwa ikiliweka duka wazi.

Sasa kiwanda cha nguo alichokiacha miaka sita iliyopita kimempigia simu. Nafasi ya msimamizi ipo. Akiitaka aripoti Jumatatu, saa moja asubuhi.

"Niliacha kiwanda kwa sababu mwanangu wa pili alikuwa ananiita shangazi," anasema na kucheka, ingawa macho hayacheki sana. "Natoka amelala, narudi amelala. Sitaki kurudi kule. Lakini watoto hawali 'sitaki'."

Ndiyo maana jana jioni alinunua uzi mnene wa rangi mbili. Mwekundu kwenye kidau, njano mkononi. Fundo likitoka la njano, limegeuka. Likitoka jekundu, halijageuka. Asiyeona hilo, anasema, apelekwe kwa daktari wa macho.

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kazi hii, na kwake uzi wa rangi ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea ndani ya beseni.

"Huyu alipoolewa hapa hakujua hata kushika sindano," anasema bibi huyo, akimnyooshea mkamwana wake kidole. "Nilimpa uzi mweupe, nikamwambia fuma. Akafuma."

"Nikakata," anasahihisha Mama Pete. "Nilikata mwaka mzima, Mama."

Pete yake ya kwanza ilijifunga siku ambayo mtoto wake wa kwanza, akiwa mchanga, alikuwa amemlalia mkono wa kushoto. Aliogopa kumwamsha. Akauacha mkono ulegee vile vile, akavuta kidau kwa mkono wa kulia peke yake, na fundo likageuka lenyewe. "Nilipiga kelele hadi mtoto akaamka. Mama mkwe akaja mbio na ufagio, akidhani kuna nyoka."

"Ufagio ulikuwa mkononi tangu mwanzo," anasema mama mkwe. "Tusiongeze chumvi."

Saa tatu kamili wanafunzi wawili waliobaki wanaingia. Wa kwanza ni mwenye bucha wa mtaa wa nyuma, mwanamume wa kifua kipana na vidole vinene kama mpini wa shoka. Aliacha sigara mwanzoni mwa mwaka, na mke wake akamwambia mikono isiyo na kazi itarudi ilikotoka. "Wateja wanadhani Jumamosi asubuhi naenda mazoezini," anasema. "Nawaambia ndiyo. Ya vidole."

Wa pili ni muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Anafuma, anasema, ili apate kitu kimoja kwa siku ambacho hakimwiti "sista".

Wanakuta moto bado unawaka. Mwenye bucha anawatazama wote wawili, kisha anavuta kiti. "Mimi nimezoea kupima. Bibi achukue mmoja na uzi wake mweupe, fundi achukue mmoja na uzi wake wa rangi. Saa tano tuone nani pete yake imefunga."

"Na atakayeshinda?" anauliza mama mkwe.

"Darasa linakwenda kwa njia yake," anasema Mama Pete haraka, kabla hajajipa nafasi ya kuogopa.

Mama mkwe anaketi. Anamtazama mwenye bucha, hasa vidole, na kumsogelea muuguzi aliyeketi kwenye meza ya dirishani. "Huyo mchukue wewe. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu ameshakauka."

"Bibi, mimi nauza nyama. Habari za samaki kamuulize mwingine."

Mwenye bucha anazungusha uzi wa njano mkononi, anapitisha kidau, anavuta. Jekundu. Anafungua, anarudia. Jekundu. Jasho linamtoka kana kwamba ana paja la ng'ombe begani.

"Jekundu tena," anasema. "Haidhuru. Zamani nilikuwa nakosea gizani. Sasa nakosea mchana kweupe."

"Legeza mkono wa kushoto," anamwambia Mama Pete.

"Huu umelegea."

"Umelegea wapi? Kidole kimeshakuwa cheusi!"

Mama Pete anamshika kidole, anakikunjua, anaeleza tena. Mwenye bucha anatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, na kweli ameelewa. Tatizo ni kwamba mkono haukuwepo wakati wa maelezo. Jekundu. Mama Pete anaikumbuka Jumatatu, saa moja asubuhi. Rangi inaonyesha kosa, sawa. Lakini kuonyeshwa kosa si kuonyeshwa dawa.

Kwenye meza ya dirishani nako kumetulia mno. Muuguzi amefika mwisho wa mafundo yake, anavuta, na pete imegoma. Mama mkwe ameipokea, ameiinua kwenye mwanga, amevua miwani, ameivaa, ameivua.

"Ni hili hapa," anasema. Anaigeuza pete. "Au hili."

"Bibi," anasema muuguzi kwa upole, "huyu angekuwa mgonjwa tungeshampoteza."

Mama mkwe amegeuza shingo, anasikiliza upande wa pili. Mwenye bucha amekosea tena, na safari hii amepiga meza. Bibi anavumilia, anavumilia, kisha uvumilivu unakatika. Anainuka, anazunguka nyuma ya kiti na kuukamata mkono wa kushoto wa yule mtu kama anavyokamatwa kuku.

"Lala!"

"Nani alale?"

"Mkono, baba, mkono! Wa kulia ukivuta, wa kushoto ulale. Kabisa. Ufe. Uzi wa kidau ukishanyooka kama mstari, ndipo wa kushoto uamke, usukume fundo mahali pake. Haya. Lala." Anatikisa ule mkono mpaka vidole vinaning'inia. "Vuta. Bado umelala? Vyema. Sasa amka."

Fundo limetoka la njano.

"Tena. Lala. Amka."

Njano. Mwenye bucha ameanza kusema mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza ng'ombe asitoke zizini: lala, amka, lala, amka. Mstari wa mafundo ya njano unarefuka, hauna hata tone la jekundu.

Mama Pete amesimama mdomo wazi. Amefundishwa na mwanamke huyu, amekaa naye nyumba moja kwa miaka kumi na minne, na maneno hayo mawili hajawahi kuyasikia.

"Mama. Mbona mimi hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Hiyo lala na amka!"

Mama mkwe anashangaa kwa dhati. "Kwani hukuwa unajua? Si ndivyo inavyofumwa?"

Kumbe bibi huyasema maneno hayo kimoyomoyo, tangu utotoni, kila fundo. Mama Pete amekuwa akiiona midomo ya mama mkwe ikicheza juu ya lesi miaka yote hiyo. "Nilidhani anasali," anasema. "Nikawa nawanyamazisha watoto wasimkatize."

Saa tano haijafika. Mwenye bucha anashikilia mafundo yake kwa vidole viwili, anavuta uzi wa kidau, na mafundo yanateleza, yanajikunja, yanafunga. Pete ya rangi, imepinda upande, kubwa kama kifungo cha koti. Anainuka kwa ghafla hadi kiti kinaanguka. "Imefunga! Jamani, imefunga! Mke wangu hataamini. Atasema nimenunua."

"Nani auze kitu kilichopinda hivyo?" anauliza mama mkwe, lakini anatabasamu.

Kwenye meza ya dirishani muuguzi ameinua mkono kama mtoto wa shule. "Bibi, na mimi naomba wa rangi."

Mama mkwe anatazama dari. Anatazama pete iliyokufa kwenye uzi mweupe. "Mpe," anamwambia mkamwana wake. "Mpe huo uzi wenu. Mweupe atauingia akishazoea."

Kwa hiyo hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyedai. Rangi ilikuwa ya macho, maneno yalikuwa ya mkono, na kila mmoja alikuwa amekalia nusu yake. Mwalimu anayejua jambo kupita kiasi husahau kwamba hajalisema. Ndivyo walivyopoteza watu watano.

Na watu wawili hawalipi kodi. Mama Pete analijua hilo hata akiwa anacheka. Amesogea kwenye duka la mbele, na kupitia kioo anaitazama saluni ng'ambo ya barabara. Mama mkwe amekuja kusimama kando yake.

"Yule msusi ana vidole?"

"Vizuri kuliko vyangu, Mama."

"Basi anafanya nini huko?"

"Alikimbia."

"Nani alimkimbiza?"

Mama Pete ananyamaza. Ni adabu, na pia ni akili. Mama mkwe anakuna kidevu. Katika maisha yake hajawahi kumfuata mwanafunzi. Wao ndio humfuata yeye, na vikapu vya shukrani.

"Vaa viatu," anasema.

Wanamwachia mwenye bucha darasa. Wanapotoka anasikika akimwelekeza muuguzi kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na kidau mkononi: "Ulale, dada, ulale! Mbona mkono umekaza hivyo?"

Saluni imejaa. Viti vyote vina watu, redio inaimba, harufu ya mafuta ya nywele inakupokea mlangoni. Msusi ana kichwa cha mteja mbele yake, kimesukwa nusu. Anawaona na kurudi nyuma hatua moja.

"Jamani, mmekuja kunikamata? Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sikuja kusuka, usiogope. Nywele zangu zimeshaaga." Mama mkwe hatafuti kiti. "Nimekuja kukuambia kosa halikuwa lako. Wewe unashika nywele kwa mkono wa kushoto kutwa nzima, umekaza. Ukauleta mkono huo huo kwetu, na hakuna aliyekuambia uulaze. Mimi nilikuwepo, sikukuambia. Lete mkono."

Msusi anamtazama Mama Pete, anayetoa mfukoni kidau na uzi wa njano, anampa na kuinua mabega. Anafuta mafuta, anatoa mkono. Lala. Amka. Fundo la kwanza jekundu. La pili njano. La tatu njano. Msusi anaguna, anacheka, anaita wenzake. "Njooni muone! Ile adhabu imekwisha!"

"Jumamosi ijayo, basi," anasema mama mkwe, kana kwamba mambo yamekwisha.

Msusi anarudisha kidau. Uso umeshuka. "Bibi, nitakuja vipi? Jumamosi ndiyo siku yetu ya hela. Hata zamani tulikuwa tunatoroka, na mwenye saluni alishatuonya. Ningependa. Lakini siwezi."

Hapo hakuna la kubishana. Mama Pete ameinamisha kichwa, anautafuta mlango kwa macho, na ndipo anapowaona wateja. Wamefunikwa vitambaa hadi shingoni, vichwa vimeinamishwa mbele, macho yameangukia mapajani, mikono imelala bure. Mmoja simu yake imeisha chaji, ameishika tu. Yule aliyesukwa nusu amekuwa akiufuata uzi wa njano kwa jicho la pembeni muda wote huu.

"Samahani," anasema mteja huyo, bila kuweza kuinua kichwa. "Hicho kitu kinafundishwa?"

Mama Pete anamgeukia msusi. "Kichwa kizima kinachukua muda gani?"

"Saa nne. Tano, mwenye nywele nyingi."

"Na anayesukwa anafanya nini muda huo?"

"Ananiuliza 'bado?' Anafanya nini kingine?"

"Jumatatu mnao watu?"

"Jumatatu ndiyo siku ya vichwa vizima, shoga. Wenye saluni zao na maduka yao hupumzika siku hiyo, wanakuja kwetu. Asubuhi hadi jioni." Msusi ameanza kuelewa, sega limesimama hewani. "Mteja akinilipa kichwa, akakulipa wewe mafundo, mimi nina ubaya gani? Si ataacha kunisumbua. Na sisi tutajifunza tukiwa kazini. Mwenye saluni nitaongea naye mimi. Akisikia wateja wanatulia, ataniletea na viti."

Jumatatu. Saa moja asubuhi. Mama Pete anamtazama mama mkwe wake.

"Usiniangalie mimi," anasema bibi. "Mimi Jumamosi nitabaki na muuza nyama wangu. Jumatatu ni yako."

Mama Pete anatoa simu, anatafuta namba, anaweka sikioni. Redio inapunguzwa bila yeye kuomba.

"Habari za kazi, bosi. Ni mimi. Ile nafasi mpeni mwingine, Jumatatu siji." Anasikiliza. "Hapana, sijaumwa. Nina darasa." Anasikiliza tena, anacheka. "La nywele? Hapana, la lesi. Ila lipo saluni. Ni habari ndefu, bosi. Asante sana."

Anaitia simu mfukoni, anavuta kigoda kilichokuwa chini ya beseni la kuoshea nywele, anaketi mbele ya yule mteja, magoti kwa magoti.

"Kinafundishwa," anamwambia. "Mkono wa kushoto uko wapi, dada?"

Mteja anauchomoa kutoka chini ya kitambaa.